Wanawake Niliokaa Nao Bariadi

Tangu niseme naacha, majirani zangu wa Somanda wananiuliza nastaafu nini hasa. Sikuwa na ofisi wala meza. Kitambulisho nilichopewa kwenye semina kilifutika picha kabla sijazoea kukivaa. Mume wangu, ambaye alistaafu kihalali kutoka idara ya ushirika, akaagwa kwa hotuba na saa ya ukutani, anasema mimi ndiye mstaafu wa kwanza kumwona anayejiaga mwenyewe.

Lakini ninyi mnaobaki kwenye kazi hii mmeniomba niandike, na mimi sijawahi kuwanyima watu maneno. Majina ya watu humu nimeyabadilisha. Vijiji sivitaji. Mengine ni kama yalivyokuwa.

Nilifika Bariadi nikiwa mke wa mtumishi, mtu wa Kondoa, sijui Kisukuma hata cha kuombea chumvi. Nilikuwa nachoma vitumbua asubuhi, nauza karibu na geti la hospitali. Mteja wangu wa kila siku alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi, mama mwembamba anayetembea kama amechelewa hata akiwa amewahi. Nitamwita Mama Nkwimba. Siku moja alikula kitumbua amesimama, akaniangalia, akaniuliza:

"Mama Rehema, hapa Bariadi una ndugu?"

"Sina."

"Wifi? Shemeji? Watu wa ukoo wa mumeo?"

"Wote wako Kondoa."

"Vizuri. Nakuhitaji."

Nilidhani anatafuta mtu wa kumfulia. Kumbe yeye na akina mama wachache walikuwa wanajitolea kukaa na wanawake waliobakwa wanapofika hospitali, kuwapeleka polisi kwenye dawati la jinsia, na baadaye mahakamani. Shida yao ilikuwa kwamba wote ni wenyeji. Huku kwetu kila mtu ni wifi wa mtu. Mwanamke analetwa, anamwona mhudumu, anagundua ni binamu wa aliyemfanyia, anafunga mdomo. Mimi nilikuwa sina ukoo hata mmoja kuanzia Maswa mpaka ziwani. Hiyo ndiyo sifa iliyonipa kazi, na sikuwahi kupata nyingine kubwa zaidi.

Siku yangu ya kwanza aliletwa binti aliyemaliza sekondari. Mama Nkwimba alinionyesha kiti, akakivuta mwenyewe mpaka kikawa ubavuni mwa binti, si mbele yake.

"Kaa hapo."

"Nimwambie nini?"

"Kuna mtu kakuuliza kitu?"

Nikakaa. Wanaonijua wanaelewa lilikuwa jambo gumu kwangu. Muuguzi aliingia akatoka. Binti alikuwa anatazama ukuta, na mimi nikautazama huo huo ukuta. Baada ya muda mrefu akaniuliza, bila kunigeukia, "Wewe ni daktari?"

"Hapana. Nauza vitumbua."

"Vya hapo getini?"

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. "Vina sukari nyingi."

Kesho yake nilipunguza sukari. Binti yule alikuja kuwa mwalimu, yuko mkoa mwingine, na bado sijui kama alisema vile kwa sababu ya vitumbua au kwa sababu alitaka kusikia kama sauti yake bado ipo. Nilijifunza kwamba mtu aliyeumizwa hivyo ana haki ya kuanza kuzungumza anapopataka mwenyewe, hata kama ni kwenye sukari.

Semina zilikuja baadaye, zikatufundisha tuseme manusura, tusiseme mwathirika. Ni neno zuri, nami nalitumia nikizungumza na wakubwa. Mbele ya mhusika mwenyewe nilitumia jina lake. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Niwaambie kuhusu mkoba, maana mnauchezea. Mkoba wangu ulikuwa na khanga, dera, nguo za ndani mpya za saizi mbalimbali, pedi, sabuni, ndala, biskuti na chupa ya maji. Nguo alizovaa mtu zinachukuliwa na polisi ziwe ushahidi, na zinakaa kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu kwenye plastiki zinaoza. Sasa fikirini mwanamke amevuliwa nguo na mtu mbaya, halafu anavuliwa tena na watu wazuri, anarudi nyumbani amevaa shuka la wodi. Kijiji kizima kinamwona. Kwa hiyo dera liwe zuri. Msiweke lile lililochakaa ambalo hata ninyi mmelichoka. Mama Nkwimba alikuwa analinusa kila dera kabla halijaingia mkobani, na likinuka stoo analirudisha likafuliwe.

Na hospitali iwe kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zina muda wake, ni ndani ya siku tatu, na kila saa inayopita inapunguza nguvu zake. Wazee wakitaka kikao, waacheni wakae kikao. Ninyi mpelekeni mtu.

Kisukuma nilijifunza kwa kukaa. Nilianza na mwangaluka, salamu ya asubuhi, nikajua kujibu mhola, yaani salama, nikaendelea mpaka nikaweza kusikia mtu anapolia ndani ya maneno ya kawaida. Bibi wa kijijini anazungumza Kiswahili mbele ya polisi kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Mwulizeni kama angependa kusema kwa lugha yake. Mara nyingi maelezo yanabadilika, yanapata miguu na mikono.

Sasa nifike kwa Mbuke, kwa sababu mkinikumbuka kwa kesi moja ningependa iwe hii.

Mbuke alikuwa mjane mwenye watoto wadogo. Mumewe alikufa kwa ugonjwa, naye akabaki kwenye kaya ya wakwe akilima pamba na mahindi. Mdogo wa marehemu, Masunga, aliishi kaya hiyo hiyo na mke wake. Siku ya mnada, wanaume wakiwa wameondoka na ng'ombe, watoto wako shule na mama mkwe yuko kanisani, Mbuke alikuwa peke yake ndani anachambua pamba. Masunga hakwenda mnadani. Sitaandika zaidi ya hapo, na ninyi msizoee kuandika zaidi ya hapo.

Alitembea mpaka barabarani, akapata pikipiki, akafika hospitali mchana ule ule na nyuzi za pamba bado ziko kichwani. Nilipokaa ubavuni mwake, kitu cha kwanza alichosema ni, "Mama mkwe wangu asijue."

"Kwa nini?"

"Yule ndiye mtoto aliyebaki karibu naye. Mwingine tumemzika mimi na yeye."

Tuliwapangia chumba hapa Somanda, yeye na watoto. Alifua nguo za watu, akauza mchicha. Masunga alikamatwa, akapewa dhamana, akarudi nyumbani kulima. Ndivyo inavyokuwa, na mjue mapema ili msije mkapigwa na mshangao mbele ya mhusika. Mbuke ndiye aliyekuwa kwenye chumba cha kupanga, na Masunga ndiye aliyekuwa nyumbani kwao.

Baada ya mavuno alikuja kaka yake Mbuke, Jilala, kijana wa heshima, amevaa koti la harusi. Tulikuwa tumekaa nje, Mama Nkwimba, Mbuke na mimi, tunachambua mchicha.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba."

"Nimekuja kumchukua dada. Mambo yameisha. Wazee wa pande zote wamekaa, ng'ombe wameletwa, wako zizini kwetu."

Mama Nkwimba hakuinua macho kwenye mchicha. "Ng'ombe umewapokea wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wachunge."

Jilala akamgeukia dada yake, akaanza kwa Kisukuma, taratibu, kwamba watoto wanahitaji kwao, kwamba shamba lina majani, kwamba kesi ni mwaka mzima wa kudharauliwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kutazamwa kisimani na mnadani. Mbuke alimsikiliza mpaka akamaliza, halafu akamwuliza:

"Kaka, hao ng'ombe ni wa nini?"

"Wa kumaliza."

"Kumaliza nini?"

"Hilo jambo."

"Jambo gani?"

Jilala akatazama viatu vyake. Mbuke akangoja, na sisi tukangoja naye.

"Kama hata kulitaja huwezi," Mbuke akasema, "mmelimalizaje?"

Jilala aliondoka bila kuaga. Nilidhani tumempoteza. Lakini kabla ya mwezi kwisha tulisikia amewarudisha ng'ombe, amewaswaga mwenyewe mchana watu wakiona, na wazee wakamwita mtoto asiye na adabu. Hakurudi kutuambia. Alianza tu kuleta gunia la mahindi kila baada ya muda, analitua mlangoni, anasalimia watoto, anakwenda zake.

Kesi ilianza kutajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Kazi yetu hapo ni ndogo na haina sifa. Siku moja kabla, unampigia kumkumbusha. Asubuhi unapita kwake, mnaondoka pamoja. Unabeba chai, kwa sababu mahakamani mtu anaweza kukaa mpaka alasiri na mate yote yamekauka. Unakaa kwenye benchi. Mnaambiwa shahidi fulani hajafika. Mnarudi. Wengi hukata tamaa hapo, katikati ya tarehe na tarehe, wala si kwa sababu ya vitisho. Kwa hiyo msiichukulie ile chai kama jambo dogo.

Siku moja, katikati ya hizo tarehe, nilimkuta mama mkwe wake chumbani Somanda. Bibi Holo alikuwa mzee mfupi, mzito wa magoti, amekaa kwenye mkeka, na watoto wamemlalia kama vifaranga. Alikuwa ameleta michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Nilisalimia, akaniitikia vizuri. Nilijua kabisa kilichomleta. Wanaume wakishindwa, hutumwa mama.

Lakini hakusema lolote la kesi. Aliuliza kama mtoto mdogo bado anakohoa. Alimwambia mkubwa amekua mpaka anatisha. Alipoinuka kuondoka, akajishika mlangoni, akamwuliza Mbuke bila kumtazama, "Mahakamani ni lini?"

Nilimkonyeza Mbuke asiseme. Mbuke akamwambia tarehe.

Bibi alipoondoka nilishindwa kujizuia. "Umemwambia kwa nini? Atakuja na ukoo mzima, wakukalie mbele wakutishe."

"Ameniuliza," Mbuke akasema. "Yule mama sijawahi kumdanganya. Nimemficha tu."

Siku ya ushahidi ilifika. Kesi hizi husikilizwa faragha, kwa hiyo sisi wengine tulikaa nje. Mbuke aliingia asubuhi, akasema kwa Kisukuma, mkalimani akatafsiri, akatoka jasho limemlowesha mgongo. Alikaa kwenye benchi la mbali, peke yake, akaniashiria nimwache kwanza. Watu wa ukoo wa Masunga walikuwa wamesimama upande wa pili, pamoja na Bibi Holo. Halafu bibi akaondoka kwao, akaja polepole, akakaa kwenye benchi langu. Nilisogea kumpa nafasi.

Karani akatoka na kuita jina la bibi. Nilidhani wamekosea. Upande wa utetezi ulikuwa bado haujaanza, mashahidi walioitwa walikuwa wa Jamhuri.

Bibi Holo akakaza kitenge kiunoni.

"Mama," nikamwuliza, "umeitwa na nani?"

"Nilikwenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka," akasema. "Wiki iliyopita." Akainuka kwa kunishika bega, akaingia.

Aliyoyasema mle ndani niliyasikia siku hukumu iliposomwa mbele ya watu wote. Alisema siku ile alitoka kanisani mapema kwa sababu ya magoti. Akiwa bado upande wa zizi, alimwona mwanawe akitoka nyumba ya Mbuke, shati mkononi, akipita nyuma ya ghala badala ya njia. Aliingia kwake akakaa, akamsikia Mbuke akilia, kisha akamwona akiondoka. Alimwambia hakimu kwamba Masunga ni mtoto wake wa kumzaa, kwamba hamchukii, na kwamba alichokiona ndicho hicho. Wakili wa utetezi alimwuliza kama ana ugomvi na mwanawe. Akajibu kwamba mwanawe ndiye aliyemjengea nyumba anayolala.

Alipotoka nje, watu wa ukoo wake walikuwa wameshapata habari, sijui kwa njia gani, maana mahakamani hata kuta zina ndugu. Walimpa mgongo, mmoja baada ya mwingine, wakaelekea barabarani. Bibi alisimama kwenye kibaraza akiwatazama. Nilitaka kwenda, lakini Mbuke alikuwa ameshainuka kutoka kwenye benchi la mbali. Hakujua lolote kabla ya dakika ile. Alisimama mbele ya mama mkwe wake, na kwa muda nilifikiri atamwuliza kwa nini alikaa kimya muda wote ule. Ningemwuliza mimi.

Bibi Holo ndiye aliyeanza. "Nilikuwa namngoja aseme mwenyewe," akasema kwa Kisukuma. "Nilimpa mavuno mazima. Alipotoa ng'ombe, nikajua hatasema."

Mbuke akamshika mkono, akamwita mama kwa Kisukuma. "Twende, mayu. Watoto watatoka shule."

Wakaondoka pamoja kuelekea Somanda. Mimi nilibaki na chupa ya chai ambayo hakuna aliyeigusa, nikainywa yote.

Masunga alihukumiwa miaka thelathini, ndivyo sheria inavyosema. Hatukushangilia, na nawaomba msizoee kushangilia pale. Mama wa mtu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Walipompitisha kumpeleka kwenye gari, bibi alimwomba askari dakika moja. Mwanawe hakumtazama. Kifungo cha shati lake kilikuwa wazi shingoni, bibi akakifunga, akarudi nyuma.

Kwenye kaya walimwambia bibi asirudi. Mama Nkwimba aliniuliza kama tutafute mahali pa kumweka, nikamwambia ameshapata. Chumba kile cha Somanda kilikuwa kidogo kwa watoto peke yao, lakini walipanga magodoro upya wakatosha.

Mama Nkwimba alistaafu, yuko kwao Maswa analima mpunga. Nilikaa kwenye nafasi yake kwa miaka mingi, na wengi wenu mmenikuta hapo. Nilikaa na mabinti, na vikongwe, na wanaume pia, ambao huja wachache na huchelewa, na ambao msiwasahau. Kesi nyingine zilianguka. Wengine walirudi kwa waliowaumiza, na tuliwapokea tena bila kuwauliza kwa nini. Sina kesi hata moja ninayoweza kusema niliimaliza mimi. Nilikuwepo, basi.

Mwezi uliopita, kabla ya kukabidhi mkoba, nilipanda basi kwenda Lamadi kumwona Mbuke. Walihamia huko zamani, anauza dagaa na sangara wa kukaanga kando ya barabara kuu. Watoto wamekuwa wakubwa. Bibi Holo amezeeka sana, lakini nilimkuta amevaa kitenge kipya na kilemba, ana kifurushi cha sabuni na sukari mapajani, anangoja gari.

"Anakwenda wapi?" nikamwuliza Mbuke pembeni.

"Gerezani. Huenda kila anapopata nguvu."

"Anamkubali sasa?"

"Mwanzo alikuwa anakataa kutoka. Bibi anakaa, muda unaisha, anarudi. Siku hizi anatoka. Wanaongea kidogo."

Nilimtazama akimpa bibi nauli, akamfungia pesa kwenye ncha ya kitenge ili asiidondoshe, akamwelekeza konda amshushe wapi na asimkimbize kwenye ngazi. Nilikuwa nimejifunza kwa miaka yote hiyo kutouliza. Lakini nilikuwa nastaafu, nikauliza.

"Mbuke, na wewe? Moyo wako unasemaje, ukimpa nauli ya kwenda kule?"

Alikuwa anageuza samaki kwenye karai. Akamaliza kwanza kuwageuza wote.

"Mimi simsalimii, simtumii salamu, na jina lake silitaji nyumbani kwangu," akasema. "Lakini huyu ni mama, anakwenda kwa mtoto wake. Nisipompa nauli atakwenda kwa miguu. Na usiku mimi ndiye nitakayemkanda magoti."

Kisha akanichagulia samaki mkubwa, akamfunga kwenye gazeti, akaniambia nimle angali wa moto.